Sumu ya swila na seli za saratani: nani atangulie kutibiwa?

Wakuu, kuna hoja inazidi kupata nguvu: eti kwa kuwa sumu za nyoka, nge na nyuki zinaua seli za saratani, fedha za utafiti zielekezwe huko kwanza. Utafiti siupingi. Ninachopinga ni huo mpangilio.

Sumu imeshatupa dawa za kweli. Kaptoprili, kidonge cha presha kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1981, asili yake ni kazi ya Sérgio Ferreira juu ya sumu ya jararaca, nyoka wa Brazil. Lakini kidonge hicho hulegeza mishipa, hakiui seli. Saratani ni habari nyingine. Mwaka 2020 watafiti wa Perth, Australia, walionyesha maabara kwamba melitini ya sumu ya nyuki inaua seli za saratani ya matiti. Kazi nzuri sana. Ila melitini hiyohiyo hupasua hata chembe nyekundu za damu. Kuua seli ni rahisi. Shughuli iko kwenye kuchagua ipi ife.

Kifo cha seli nimekiona. Shangazi yangu alikuwa amelala mkekani, swila akaingia usiku, akamuuma mkono. Kulipokucha mkono umevimba hadi kiwiko. Kesho yake malengelenge. Siku ya nne ngozi ya mgongo wa kiganja ilikuwa nyeusi tii, inabanduka kama ganda la muhogo uliochemshwa. Hospitali ya kwanza dawa ya kupambana na sumu ya nyoka haikuwepo. Tulipoipata kwingine, nyama ilikuwa imeshaanza kufa, na dawa ile hairudishi kilichokufa. Vidole viwili havikunji mpaka leo.

Sasa angalieni sumu ya swila inavyofanya kazi. Kuna sitotoksini zinazoshambulia utando wa seli, na kuna kimeng'enya, fosfolipesi A2, kinachokatakata mafuta ya utando huohuo. Zikiungana ndipo ngozi inapoanza kuoza. Watafiti walioifuatilia njia hiyo walionyesha mwaka 2024 kwamba varespladibu, dawa inayozuia kimeng'enya hicho, inaokoa ngozi ya panya. Mwaka huohuo kundi jingine likaonyesha kuwa dawa za jamii ya heparini, zile za kuzuia damu kuganda, zinakuwa chambo: sumu inanasa kwenye dawa, seli inasalimika. Huko nako waliojaribiwa ni panya. Hatua ya kwenda kwa binadamu mwenye kidonda cha swila ndiyo inayotaka hela.

Kwa hiyo elimu ya kifo cha seli ni moja, na wa kwanza kufaidi awe aliyeumwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 81,000 hadi 138,000 kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na wanaobaki na ulemavu wa kudumu ni kama mara tatu ya hapo. Wengi ni wakulima na watoto wao.

Mwenye hoja tofauti aje nayo, namsikiliza. Na nyie mnaofanya kazi wodini: akiletwa mgonjwa wa swila siku ya kwanza, kile kidonda mnakifanyia nini?