Glovu gani nzuri za kumshikia chatu? Niko Tabora

kijana_wa_bani
Wakuu habari za jioni. Kuna chatu mdogo tulimkuta kwenye bani (banda la kukaushia tumbaku) la mjomba huko Urambo mwaka jana, watu washashika mapanga nikawaomba nikaondoka naye, saa hizi ana kama mita moja na nusu. Muda wote namshika mkono mtupu wala hana neno, ila mwezi uliopita akaninasa kidole gumba, damu ikatoka ya kutosha tu. Nikaanza kuvaa zile glovu za ngozi nazotumia bandani kwa kuku. Sasa toka nivae hizo ndo kawa mkali balaa, nikiingiza tu mkono anarusha kichwa, juzi kaing'ang'ania glovu nikavuta kwa nguvu, kuja kuangalia vijino viwili vimebaki kwenye ngozi. Nataka ninunue nzito zaidi, za kuchomelea, zinafaa? Mama anasema nimrudishe porini kabla hajameza mtoto wa jirani, naomba msinijibu kama mama 😂

fundi_mageti
Za kuchomelea ninazo, zile ndefu, meno ya huyo hayapiti. Tatizo ukizivaa hujui umekamata kwa nguvu kiasi gani, mi mwenyewe nikivaa msumari nauokota mara tatu. Utamvunja mbavu mdogo wangu.

mjukuu_wa_myeye
Dogo umeshajijibu mwenyewe, glovu umetoka nazo kwa kuku! Nyoka ananusa kwa ulimi, na chatu ana vishimo pembeni ya mdomo vinahisi joto, sasa kitu cha moto kinachonuka kuku kinaingia kwenye boksi lake, ungekuwa wewe ungefanyaje? Na hiyo siku ya kidole gumba nina hakika ulitoka kushika kuku au panya.

Nawa na sabuni kabla ya kumshika. Na baada pia, hiyo ya baada ni kwa faida yako, hawa wanatembea na salmonela hata akiwa mzima kabisa, usimwoshee boksi kwenye karo la vyombo mama asije akaharisha ukasingiziwa uchawi. Kabla hujamnyanyua mguse mgongoni taratibu na kifimbo chenye ndoano, akishaguswa hivyo siku mbili tatu anajua huu sio msosi. Macho yakiwa meupe kama yana ukungu anataka kujivua gamba, haoni vizuri, achana naye kabisa. Na akikunasa USIVUTE, meno yake yamepinda kwenda ndani, ukivuta unajichana wewe na yeye yanamkatikia, mdomo unaweza kuoza. Tulia, mmwagie maji ya baridi kichwani ataachia.

Babu yangu alikuwa Buyeye, wale wa ngoma ya nyoka, wa huku mnawajua. Sikuwahi kumwona na glovu, alikuwa na fimbo yenye panda na gunia basi. Ila vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa havikunji, kazi ya kifutu hiyo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ukivaa ngozi basi unaweza kumshika kifutu, yule meno yake marefu yanapita.

dada_kibirizi
Wanaume mmeongea mikono tu, macho je? Niko Kigoma, kazi yangu ni zahanati. Aliletwa baba mmoja aliyekwenda kumtoa swila bandani, kavaa mabuti hadi magotini, glovu, koti la mvua, usoni hana kitu. Swila akamtemea sumu yupo kama hatua tatu. Macho yamevimba hayafunguki, na huko nyumbani walishampaka dawa ya majani. Jamani ni maji safi, mengi, yatiririke dakika 15 hadi 20, asipikiche, kisha hospitali. Miwani ya fundi ile ya plastiki inayoziba hadi pembeni bei yake sio ya kukulaza njaa.

Na wa kwetu ziwani mnaokuta swila wa maji kwenye nyavu, yule mwenye pete nyeusi shingoni: ni mpole kweli lakini sumu anayo, usimchomoe kwa mkono eti una glovu za pamba. Akiuma, sijui jiwe la nyoka sijui kuchanja na wembe, acheni. Mlaze mtu, mguu au mkono usitikisike, mkimbize hospitali.

afande_mstaafu
Kijana hakuna aliyekuuliza kibali. Chatu ni mnyamapori, kumfuga bila kibali ni kesi. Nenda ofisi ya wanyamapori uwaambie ukweli mapema, kuliko jirani akakutangulia.

kijana_wa_bani
Nimezinusa hizo glovu sasa hivi, aisee zinanuka kuku mpaka aibu. Nimenawa, nimemgusa na mpini wa fagio, ametulia tuli. Afande nimekusikia, Jumatatu nipo ofisini kwao, mama kasema ananisindikiza 😅 Fundi hiyo ndoano unaweza kunitengenezea?

fundi_mageti
Leta nondo ya milimita 6 nakukunjia bure. Nyoka usije naye.