Vali ya mitrali inavuja baada ya shambulio la moyo, MRI inatoa majibu mawili: tushike lipi?

Picha_Moyo
Wakuu, habari za kazi. Mgonjwa yuko wiki ya sita tangu shambulio la moyo lililoharibu ukuta wa chini wa ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini. Eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) inaonyesha mitrali inavuja, yaani damu inarudi kwenye atiria, chumba cha juu yake, ila mkondo unaambaa ukutani mwa atiria na haupimiki vizuri, ndiyo maana akaletwa MRI ya tesla 1.5. Ventrikali ya kushoto ikijaa ina mililita 196, ikibana 118, kwa hiyo inasukuma 78. Mtiririko wa mbele kwenye aota, mshipa mkuu wa kwenda mwilini, ni 49. Ventrikali ya kulia inasukuma 66.

Nikitoa aota kwenye 78, mvujo ni mililita 29, yaani asilimia 37 ya hizo 78. Nikitoa ventrikali ya kulia ni 12, asilimia 15. Niandike ipi kwenye ripoti?

Slaisi_ya_Juu
Shika aota, mkuu, lakini usisaini bado. Jibu la kutoa hubeba makosa ya namba zote mbili.

Kagua kwanza slaisi (kipande cha picha kinachokata moyo) ya juu kabisa, pale ventrikali inapopakana na atiria. Moyo ukibana, pete ya vali hushuka kuelekea ncha, hivyo slaisi iliyokuwa ventrikali moyo ulipojaa yaweza kuwa atiria moyo ukibana. Slaisi ya milimita 8 yenye pengo la milimita 2, ikiwa na eneo la sentimita za mraba 20, ni mililita 20. Ukiihesabu kimakosa wakati wa kubana, basi ile 118 yako kweli ni 98, ventrikali inasukuma 98, na mvujo unaruka kutoka 29 hadi 49. Slaisi moja tu! Fungua picha za vyumba viwili na vyumba vinne, weka mistari ya slaisi juu yake, kisha uamue. Misuli ya papilari, ile ya ndani ya ventrikali inayoshika kamba za vali, uiingize au uiache, mradi ufanye vilevile moyo ukijaa na ukibana.

Halafu aota. Slaisi iukate mshipa wima kabisa, juu kidogo ya vali, ikiwa katikati ya sumaku. Kikomo cha kasi, ile VENC, anza na sentimita 150 kwa sekunde. Ukiona katikati ya mshipa weupe umegeuka weusi ghafla, kasi imezidi kikomo, panda hadi 200 urudie. Kosa linalowapita wengi halionekani kwa macho: mashine inasoma kasi ndogo hata pale ambapo hakuna kinachosogea. Aota yenye eneo la sentimita za mraba 7, ikiwa na kosa la sentimita 1 kwa sekunde, inakupotosha mililita 7 kwa kila pigo, moyo ukipiga mara 60 kwa dakika. Rudia kipimo kwenye fantomu tuli (chombo cha majaribio ambacho ndani yake hakuna kinachosogea) kwa mpangilio uleule, kisha toa kosa hilo.

Na ni vizuri ulitumia mtiririko wa mbele. Ungetumia ule uliokwisha kupunguzwa damu iliyorudi, mvujo wa aota kama upo ungehesabiwa kuwa wa mitrali.

Dkt_Vali
Naongezea kuhusu ventrikali ya kulia. Njia hiyo inafaa tu kama vali nyingine zote hazivuji na ukuta kati ya ventrikali haujatoboka. Pima mtiririko wa ateri ya mapafu. Ukilingana na aota, hakuna damu inayovuka. Ukiizidi kwa wazi, tafuta tundu, kwa sababu baada ya shambulio la moyo linawezekana, na hapo ile 29 itakuwa mvujo pamoja na damu inayopita tunduni.

Picha_Moyo
Asante, Daktari. Ateri ya mapafu ni 51. Slaisi ya juu nimeikagua, iko sawa, na fantomu haikubadilisha kitu cha maana.

Dkt_Vali
Basi fumbo limefunguka. 66 kutoa 51 ni 15: hizo zinarudi kupitia trikuspidi, vali ya upande wa kulia, ndizo zilizouficha mvujo wa mitrali. Andika 29 na asilimia 37.

Asilimia ndiyo muhimu zaidi hapa. Miongozo ya Marekani ya 2017 inaweka mvujo mkali kuanzia mililita 60 au asilimia 50, lakini ventrikali inayosukuma 78 ikivuja 60 ingebakiza 18 tu za kwenda mwilini. Ukiandika mililita peke yake, msomaji atadhani ni jambo dogo.

Usiache kovu. Gadoliniamu (dawa ya kung'arisha picha) milimoli 0.15 kwa kilo, figo zikiwa zimeshapimwa, kisha picha dakika 10 hadi 15 baadaye. Angalia hasa msuli wa papilari wa nyuma: kwa kawaida hulishwa na mshipa mmoja, tofauti na wa mbele wenye miwili, ndiyo maana shambulio la ukuta wa chini huvujisha mitrali. Ukuta ukitanuka, msuli huvutwa nje na kamba zake huzuia majani ya vali kukutana. Eleza kovu limekula asilimia ngapi ya unene wa ukuta. Likizidi nusu, matumaini ya ukuta huo kurudi kubana ni madogo hata mshipa ukizibuliwa.

Slaisi_ya_Juu
Andika pia shinikizo la damu la wakati wa kipimo, maana likipanda mvujo hupanda. Mapigo yakiruka-ruka, tumia sine (picha za moyo zinazosogea) ya muda halisi na upime aota zaidi ya mara moja. Ila mgonjwa wa siku za mwanzo aliyejaa maji mapafuni ghafla asiletwe MRI: huyo huenda msuli wa papilari umekatika, anahitaji eko kitandani na daktari wa upasuaji saa hiyohiyo.