Banda moja, farasi wanne, korido nani aifagie?

Mleta mada: Habari wakuu, tupo watatu hapa Mafinga tunashea banda la farasi wanne, kila mtu anazoa kwa farasi wake tu korido haina mwenyewe, na baridi hii ya mwezi wa 6 tumefunga madirisha sasa harufu ya mkojo inachoma macho kabisa. Wenzetu mnafanyaje?

Mdau Mufindi: Pole mkuu. Fungueni madirisha ya juu leo leo, farasi baridi anaiweza, ile hewa ya mkojo ndio inamharibia mapafu. Chuchumaa unuse pale anapolala utanielewa. Mmoja tu anatoa kinyesi kilo 15 hadi 20 na zaidi kwa siku, msiruke hata siku moja.

Kwato Nne: Maranda ya paini si yamejaa hapo kwenye mashine za mbao, tandikeni nene, ila sio vumbi la msumeno linawakohosha. Palipolowa toa yote, nyunyiza chokaa ya kilimo kidogo, pakauke ndio utandike. Na kwato jamani kagueni kila siku, zikikaa kwenye unyevu zinaoza katikati zinatoa uchafu mweusi unanuka vibaya, mimi nilichelewa kuona nikauguza mwezi mzima, inaniuma mpaka leo.

Mleta mada: Asanteni sana, jioni nawaita wenzangu tupange zamu, mwenye siku yake anasafisha banda zima na korido. Samadi tuipeleke wapi?

Mdau Mufindi: Mbali na banda, nzi wanazaliana humo. Ikishaiva wapeni wenye parachichi, wataifuata wenyewe.