Tupeane uzoefu: "Siku ile ulikuwa wapi?" Kurekodi kumbukumbu za wazee kwa tarehe za kihistoria

Mwanzisha mada

Wakuu, habari. Kila ikikaribia 12 Januari (Mapinduzi ya Zanzibar), 7 Agosti (milipuko ya balozi za Marekani) au 14 Oktoba (kifo cha Mwalimu Nyerere), vijana huwashika wazee simu ikiwa mkononi: "Babu, siku ile ulikuwa wapi?" Babu anajibu dakika mbili, halafu inabaki faili iliyoandikwa "Audio 0037" ambayo mwaka ujao hakuna atakayejua ni sauti ya nani wala ya siku gani. Mnaoijua kazi hii, wekeni hapa kinachofaa na kinachoharibu. Naanza na kuuliza.

Usianze na tukio lenyewe. Anza na maisha ya mwaka ule: alikuwa anaishi nyumba gani na nani, anafanya kazi gani, mtoto yupi alikuwa bado ananyonya. Mzee akishaingia ndani ya ile nyumba, ndipo uulize habari ilimfikiaje: nani aliileta, kama ni redio ilikuwa redio ya nani, mikono ilikuwa inafanya nini wakati huo, na kilichofuata baada ya hapo. Hilo la mikono lina maana. Mtu anayekumbuka kwamba alikuwa anasuka ukili anakupa kitu. Anayesema "tulisikitika sana" anakupa hotuba.

Usimlishe jibu. "Ulilia uliposikia Mwalimu amefariki?" huzaa "ndiyo" na mazungumzo yanafia hapo. Sema "Ukafanya nini?" kisha nyamaza, uhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kimya kinawatisha wanaorekodi kuliko wanaorekodiwa.

Dakika 60 zinatosha, 90 ndiyo mwisho. Na usirekodi siku ya maadhimisho yenyewe: redio imeshinda ikipiga hotuba za zamani tangu alfajiri, mzee atakurudishia ya redio. Nenda wiki mbili kabla.

Karani wa Tarehe

Umenena mkuu. Mimi naongezea mahali ambapo karibu kila nukuu huharibika: saa na siku.

Mzee akisema "saa nne na nusu", andika maneno hayohayo, kisha pembeni weka 10:30 asubuhi. Mlipuko wa Nairobi na Dar es Salaam wa 7 Agosti 1998 ulitokea kama saa nne na nusu asubuhi. Ukiandika 4:30 tu, msomaji wa kesho atadhani ni alasiri au usiku wa manane, na ushahidi mzuri utaonekana wa uongo.

Usiku nao una mtego. Kwa wazee wengi wa pwani siku huanza magharibi, kwa hiyo "usiku wa Jumapili" ni ule unaotangulia Jumapili, ambao kijana wa leo anauita Jumamosi usiku. Mapinduzi ya Zanzibar ni usiku wa kuamkia Jumapili, 12 Januari 1964. Hapo mzee na mjukuu wanaweza kubishana hadi chai ipoe, na wote wako sahihi. Uliza: "kulipokucha ilikuwa siku gani?" Imekwisha.

Mzee asiyejua tarehe mpe nguzo nyingine: mvua, mavuno, mfungo. Kumbuka tu kwamba mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11, hivyo Ramadhani huzunguka majira yote kwa miaka kama 33. Ramadhani ya 1964 iliingia katikati ya Januari. Kwa hiyo anayesema "zilikuwa zimebaki siku chache tufunge" kuhusu Mapinduzi anasema kitu kinachopimika, na kinakubali.

Tofauti ya saa za dunia nayo iangaliwe. Neil Armstrong alikanyaga mwezi 20 Julai 1969 kwa saa za Marekani. Afrika Mashariki ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika nne alfajiri ya tarehe 21. Mzee anayesema "ilikuwa Jumatatu alfajiri" usimsahihishe, yuko sawa.

Msomaji wa Saikolojia

Tukubaliane jambo moja: uhakika wa mtu haupimi usahihi wake. Chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kililipuka 28 Januari 1986. Kesho yake asubuhi mwanasaikolojia Ulric Neisser wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, aliwapa wanafunzi karatasi waandike walikuwa wapi na walisikiaje. Baada ya kama miaka miwili na nusu yeye na Nicole Harsch wakawauliza tena wanafunzi 44. Robo yao walikosea kila jambo kuu, wengi wakiwa na uhakika kabisa. Walipoonyeshwa karatasi zao, kwa mwandiko wao wenyewe, kumbukumbu ya kwanza haikurudi.

Kosa lililojitokeza mno ni televisheni. Wengi walioambiwa na mtu walikuja kuamini kwamba waliona kwenye skrini. Kwetu kipimo chake ni chepesi: Tanzania Bara haikuwa na vituo vya televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar ilitangulia miaka ya 1970. Mtu wa Bara akisema aliyaona mazishi ya Waziri Mkuu Sokoine "kwenye TV" Aprili 1984, kuna uwezekano mkubwa picha imeingia baadaye, kwenye vipindi vya kumbukizi. Hasemi uongo. Picha imekalia kiti cha sauti. Muulize redio ile ilikuwa imewekwa wapi. Mara nyingi kumbukumbu ya zamani iko chini yake, nzima.

Kwa sababu hiyo, picha na magazeti yaonyeshwe baada ya maelezo ya kwanza. Ukitanguliza picha, utarekodi picha.

Mpita Njia

Fupi tu. Neno "Sabasaba" ulizeni lina maana gani kwa anayelisema. TANU ilizaliwa 7 Julai 1954, ikawa sikukuu, halafu jina likahamia kwenye maonyesho ya biashara na viwanja vyake. Kwa Mkenya, Saba Saba ni 7 Julai 1990, maandamano ya kudai vyama vingi. Nimeona nukuu zilizochanganya haya yote kwenye aya moja. Hali kadhalika 9 Desemba: Uhuru wa Tanganyika ni 1961, Jamhuri ni 1962, siku ileile. "Nilimwona Mwalimu akiapishwa kuwa Rais" ni ya mwaka wa pili.

Fundi Sauti

Upande wa vyombo. Simu inatosha, ila iwekwe kwenye hali ya ndege. Kuizima mlio tu hakusaidii, simu ikipigwa katikati rekodi hukatika. Iwe sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa, si juu ya meza tupu, maana kila kikombe kinachotuliwa kitasikika kama nyundo. Zima feni. Kuku na watoto waache, ila feni ni ugonjwa usiotibika, inanguruma chini ya kila neno.

Rekodi WAV (faili la sauti lisilominywa), 48 kHz, biti 24. Saa moja ya stereo hula karibu GB 1, ya mono nusu yake. Angalia nafasi kabla, si dakika ya 40. Jaribu dakika moja, isikilize kwa spika za masikioni, ndipo uanze.

Sekunde 30 za mwanzo taja kwa sauti: tarehe, mahali, nani anaongea, nani anauliza. Faili linaweza kubadilishwa jina, ila sauti iliyo ndani inabaki inajitambulisha. Jina la faili lianze na mwaka: 2025-09-28_bibi_mapinduzi_01. Zitajipanga zenyewe.

Kuituma kwa WhatsApp kama sauti kunaiminya. Tuma kama dokumenti. Nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine.

Na msijidanganye kuhusu kuandika: saa moja ya mazungumzo ni saa tano hadi nane za kazi. Kama huna muda huo, tengeneza orodha ya dakika tu ("12:40, redio ya jirani; 18:05, barabara kufungwa"). Inasaidia kuliko nukuu iliyoachwa ukurasa wa tatu.

Mwenye Albamu

Picha za zamani: tarehe iliyochapwa kwenye ukingo mweupe ni ya kusafishwa, si ya kupigwa. Filamu iliweza kukaa ndani ya kamera miezi. Skani kwa dpi (nukta kwa inchi) 600, mbele na nyuma, maana mwandiko wa nyuma ndio nusu ya habari. Ukitaka kuongeza jina, tumia penseli laini, picha ikiwa juu ya kitu kigumu. Kalamu ya wino hubonyea hadi usoni.

Mgeni wa Jukwaa

Swali: mzee akigoma? Kwa mfano waliopoteza ndugu kwenye meli ya MV Bukoba iliyozama Ziwa Victoria, 21 Mei 1996.

Mwanzisha mada

Muache. Usirudie swali kwa maneno mengine, atajua. Mwulize kuhusu huyo ndugu kabla ya safari: alikuwa akimwitaje, alikuwa mtu wa utani au wa kununa. Wengi hufika wenyewe kwenye ile asubuhi, na wasiofika wamekupa kilicho chao kukupa. Usizime chombo palepale machozi yanapotoka bila kumwambia, mwulize "tupumzike?", afadhali aamue yeye.

Ukimaliza, rudi kwenye jambo la leo, wajukuu au shamba, dakika kumi hivi kabla ya kuaga. Ruhusa uliza tena mwishoni, kwa sababu mwanzoni hakujua atasema nini: nani asikilize, jina litajwe au lisitajwe, na kama kuna kipande kifutwe. Akisema kifutwe, kifute mbele yake.