Nimeongeza nyuzinyuzi, choo kimezidi kuwa kigumu na gesi haiishi. Nakosea wapi?

Slesi_Nne ameuliza:

Wadau wa lishe, naomba mnikagulie huu mlo. Una siku 9 sasa. Kabla yake ulikuwa mkate mweupe, wali na mboga kidogo.

Asubuhi: slesi 2 za mkate wa ngano nzima, na mtindi uliochanganywa na vijiko 3 vya chakula vya pumba za ngano zilizosagwa laini.
Mchana: kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa.
Jioni: slesi 2, pumba vijiko 3, maharage kikombe kingine, tufaha moja na maganda yake.
Maji: glasi 3 za mililita 250 kwa siku.

Ikifika saa kumi jioni tumbo limevimba kama ngoma. Hewa inatoka usiku kucha. Choo kinakuja kila baada ya siku tatu, kama cha mbuzi. Si tunaambiwa nyuzinyuzi hulainisha choo? Niache au niongeze?

---

Mizani_ya_Mlo amejibu:

Usiache, na tafadhali usiongeze. Piga hesabu kwanza.

Kijiko cha chakula cha pumba kina takriban gramu 1.5 za nyuzinyuzi, kwa hiyo sita ni 9. Vikombe viwili vya maharage ni kama 23. Slesi nne, 8. Tufaha, 4. Jumla gramu 44. Mlo wa zamani ulioutaja hauwezi kuwa ulizidi 15. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Wewe umeipita hiyo 25 mbio, na utumbo haukupata muda wa kuzoea.

Bakteria wa utumbo mpana ndio wanaokula nyuzinyuzi, sisi hatuna vimeng'enya vya kuzivunja. Wakiletewa chakula kingi kwa ghafla wanachachua kingi, na gesi ni zao la huko kuchachua: haidrojeni, kaboni dayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani. Baada ya wiki kadhaa za mlo uleule, wengi huona gesi inapungua.

Wiki hii: pumba zote nje, maharage nusu kikombe tu kwa siku nzima, mkate na tufaha vibaki. Hiyo ni kama gramu 18. Wiki ijayo rudisha nusu kikombe cha maharage. Wiki ya tatu ongeza karoti mbili au chungwa. Kanuni ni gramu 5 hivi kwa wiki. Tumbo likilalamika, kaa hapohapo wiki moja zaidi kabla ya kupanda.

---

Utumbo_Mpana amejibu:

Mkuu hapo juu amemaliza suala la gesi. Ugumu wa choo una mambo mengine, na la kwanza ni hilo neno "laini".

Kila siku kiasi cha lita 9 za maji huingia utumbo mwembamba. Lita 2 hivi ni tunachokula na kunywa. Zinazobaki ni mate, asidi ya tumbo, nyongo na maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe. Karibu yote hufyonzwa. Utumbo mpana hupokea lita moja na nusu hivi, nao huifyonza hadi choo kitoke na mililita 100 hadi 200 tu. Ulaini wa choo unategemea hicho kimasalio.

Pumba za chembe kubwa husugua ukuta wa utumbo, nao hujibu kwa kutoa ute na maji. Zilizosagwa laini hazisugui. Zinaongeza uzito mkavu tu, na zinaweza hata kukikaza choo. Ukitaka kurudia pumba baadaye, tafuta za chembe kubwa, anza na kijiko kimoja. Unga wa psiliamu (maganda ya mbegu yaliyosagwa) hufanya kazi kwa njia nyingine: unageuka utelezi unaoshikilia maji hadi mwisho wa safari. Lakini kila dozi inywewe na glasi nzima ya maji, mililita 240 au zaidi, na isisubiri ikagandia kwenye glasi. Ukiumeza na maji kidogo unaweza kukwama kooni.

Maji: 750 ni kidogo kwa mlo huu. Panda hadi lita 1.5 au 2. Ila usitarajie kwamba lita 4 zitalainisha mara mbili. Ziada inaishia kwenye mkojo.

Na ukae chooni dakika chache baada ya kifungua kinywa, miguu juu ya kigoda ili magoti yawe juu ya nyonga. Tumbo likipokea chakula, utumbo mpana husukuma. Watu wanaikosa nafasi hiyo kwa sababu ya haraka za asubuhi.

---

Sufuria_Nzito amejibu:

Maharage umeyapika vipi? Gesi yake inatokana na sukari mbili, rafinosi na stakiosi, ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzimeng'enya. Sehemu yake hutoka kwenye maji ya kulowekea. Loweka saa 8 hadi 12, maji mara tatu ya maharage, mwaga, suuza, pikia maji mapya. Wanaopikia maji yaleyale "ili virutubisho visipotee" wanairudisha gesi sufuriani.

Maharage mekundu yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Yana lektini inayosababisha kutapika na kuharisha saa chache baada ya kula. Moto mdogo wa kupikia taratibu, usiofika kuchemka, hauiharibu. Na magadi yanaharakisha kuiva kweli, lakini yanaharibu vitamini B1.

---

Slesi_Nne:

Asanteni. Maharage yalilowekwa saa 2 tu, na maji hayakumwagwa. Nilisahau kutaja: kuna vidonge vya madini ya chuma pia, kimoja kila asubuhi pamoja na kifungua kinywa, kwa maelekezo ya daktari. Vina uhusiano?

---

Utumbo_Mpana amejibu:

Hilo ndilo ungeanza nalo! Vidonge vya chuma ni miongoni mwa dawa zinazojulikana sana kwa kufunga choo. Huenda kabla ya pumba kulikuwa tayari na tatizo dogo, pumba zikalikuza.

Tena unapata hasara upande wa pili. Pumba zimejaa faitati, ambazo hushika chuma kisifyonzwe. Mtindi una kalisi, nayo hupunguza ufyonzaji. Kidonge hicho kinamezwa katikati ya maadui zake. Kihamishe: saa moja kabla ya kula, au saa mbili baada ya kula, pamoja na maji au juisi ya chungwa kwa ajili ya vitamini C. Chai na kahawa zikae mbali nacho. Tumbo tupu likikuletea kichefuchefu, kimeze na chakula chepesi kisicho na pumba wala maziwa.

Usikiache mwenyewe. Mwambie aliyekuandikia kwamba choo kimefunga; kuna watu hubadilishiwa aina, dozi, au mpangilio wa siku.

Choo kitakuwa cheusi kidogo kwa sababu ya chuma, na hilo ni kawaida. Kikiwa cheusi kama lami, kinanata na kunuka vibaya sana, hiyo inaweza kuwa damu inayovuja sehemu za juu, kama tumboni, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo ukiona damu nyekundu, kutapika pamoja na tumbo kuvimba huku hewa haitoki kabisa, au ukipungua uzito bila sababu.

---

Slesi_Nne:

Sawa. Pumba nje, maharage nusu kikombe, kidonge kinahamia saa nne asubuhi. Mtindi nao niutoe?

---

Mizani_ya_Mlo:

Mtindi hauna kosa. Uhamishie jioni.