Nibaki chuoni nisomee antena na rada, au niende kampuni ya simu?

Chipukizi wa Sinza

Wakuu habari zenu, shikamooni wakubwa.

Nimemaliza uhandisi wa umeme hapa Dar, GPA 4.1. Kampuni moja ya simu inanitaka nikakague minara kuanzia Temeke hadi Mkuranga, mshahara unaeleweka. Chuoni nako wananitaka niwe mkufunzi msaidizi. Mwalimu aliyenisimamia mradi anasema nijikite kwenye antena, baadaye rada, nipande taratibu hadi uprofesa.

Mzee wangu ni fundi gereji Tandale. Kaniuliza: huyo profesa wa antena akiamka asubuhi anakwenda kufanya nini? Nikabaki namtazama tu. Darasani namjua, maisha yake ya kazi siyajui. Aliyepita njia hiyo anieleze, asipambe.

FundiMnara

Dogo, nenda minarani. Utashika antena kwa mkono wako, utaigeuza, utaiinamisha digrii mbili tatu, halafu uone mtaa mzima wa Mbagala simu zinakamata. Kigamboni utajionea chumvi ya bahari inavyokula konekta. Chuoni utakutana na hesabu na projekta. Fanya kazi miaka kadhaa, saidia wazazi, ukiona bado unapenda vitabu, rudi.

Mwl. Mawimbi

Marahaba mwanangu. Mimi ni profesa mshiriki, antena na rada ndiyo kazi yangu, na nimezeekea hapa hapa Dar.

FundiMnara, nakuheshimu, maana vijana wangu kadhaa walijifunza ustahimilivu kwa watu kama wewe. Ila hilo la kurudi baadaye silikubali. Wengi hawarudi. Ukishakuwa na mkopo wa gari na mtoto yuko shule ya kulipia, ngazi ya kwanza ya chuo maana yake ni kukubali mshahara ushuke. Na hesabu za sumakuumeme zisipotumika zinakimbia kichwani.

Nimjibu mzee. Asubuhi nafundisha. Mchana nakaa na wanafunzi wa uzamili, kila mtu na michoro yake, tunabishana. Jioni naandika: makala, maombi ya fedha za utafiti, ripoti ya fedha nilizokwisha pewa, na tathmini za makala za wenzangu ambazo majarida hunitumia. Vikao vipo, tena vingi.

Ngazi ziko hivi. Unaanza mkufunzi msaidizi, ukipata uzamili unakuwa mhadhiri msaidizi, ukipata uzamivu unakuwa mhadhiri. Juu yake kuna mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa. Kuanzia uhadhiri unapanda kwa machapisho, na kwa kawaida huombi kupandishwa kabla hujatimiza miaka mitatu kwenye ngazi uliyopo. Piga hesabu mwenyewe. Mshahara wa kuanzia ni mdogo kuliko huo wa minarani, mwambie mzee mapema asije akashtuka.

Sasa nikuambie kinachonishikilia kwenye kazi hii: kupima. Hapo ndipo nampambanua mtafiti wa antena na mtu mwenye vyeti tu. Kompyuta ni rahisi kuridhika nayo. Chukua antena bapa ya gigahezi 2.4, ile ya kuchonga kwenye bodi ya saketi, urefu wake milimita 29 hivi. Inafanya kazi kwenye ukanda mwembamba sana, asilimia mbili au tatu ya masafa yake. Bodi ya kawaida ya FR4 kwenye hesabu tunaipa namba 4.4, inayoonyesha jinsi bodi inavyopunguza kasi ya wimbi, lakini kipande ulichonacho kinaweza kuwa 4.2 au 4.6. Tofauti ya asilimia nne hapo inahamisha masafa kwa karibu asilimia mbili, na antena yako imeshatoka nje ya ukanda wake huku mchoro wa kompyuta ukiwa safi kabisa. Hilo hulijui mpaka uichonge, uiunganishe, upime.

Wanafunzi wangu huwapa habari za John Kraus wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani. Mwaka 1946 alimsikia mhadhiri mgeni akieleza mirija ya kukuza mawimbi, yenye waya uliosokotwa springi ndani yake. Kraus akamuuliza: springi hiyo haiwezi kuwa antena? Akajibiwa haiwezi, imeshajaribiwa. Akaenda nyumbani, akasokota waya, kila mzingo ukiwa na mzunguko unaolingana na urefu wa wimbi moja, akapima. Ikarusha mawimbi mbele barabara. Antena za aina hiyo leo zimo kwenye satelaiti za GPS. Angeliridhika na lile jibu, yasingekuwepo haya.

La pili: tafuta swali ambalo mahali ulipo panakuuliza. Langu lilikuwa mvua. Mawimbi ya kuunganisha mnara na mnara yakivuka gigahezi 10, mvua kubwa inayameza, na masika ya Dar si manyunyu ya Ulaya. Nikaweka kipima mvua juu ya paa na kipokezi pembeni yake, nikawa nalinganisha dakika kwa dakika. Hiyo ndiyo ilinifikisha kwenye rada za hali ya hewa, kwa sababu tone lile lile linaloudhoofisha mnara ndilo linalorudisha mwangwi kwenye rada. Mvua kubwa huidhoofisha rada ya wimbi la sentimita 3 zaidi kuliko rada ya wimbi la sentimita 10. Mtu anayenunua rada kwa nchi ya masika anahitaji mwenyeji wa kumwambia hivyo, akiwa na vipimo mkononi. Nataka awe mwanafunzi wangu.

Na usidhani lazima uende Ulaya. Programu ya FEKO, inayokokotoa antena dunia nzima, ilikuzwa Stellenbosch, Afrika Kusini. Huko huko, Karoo, kuna MeerKAT, darubini ya redio iliyojengwa kwa madishi 64 ya mita 13.5 kila moja. Utakapoomba uzamivu, kabla ya kuulizia sifa za chuo, ulizia kama wana chumba cha kupimia antena na kama mwanafunzi anaruhusiwa kuingia.

Chipukizi wa Sinza

Asante sana Mwalimu. Nimemsomea mzee, kasikiliza hadi mwisho. Kaongeza swali: rada inajuaje ndege iko mbali kiasi gani, na kwa nini wasiiongezee nguvu ione hadi Kongo?

Mwl. Mawimbi

Mzee ana kichwa. Inapima muda wa mwangwi. Wimbi linakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo mwangwi ukichelewa kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, kitu kiko mita 150. Nguvu nayo ina tabu yake: kuona mara mbili ya umbali kunadai nguvu mara 16, kwa sababu wimbi linasambaa likienda na kusambaa tena likirudi. Na dunia ni mviringo. Ndege iliyo kilomita 10 juu, ikifika kama kilomita 400 kutoka rada, imeshazama nyuma ya upeo. Kongo ni mbali zaidi ya hapo.

Antena ndipo inapong'ara. Ukiongeza eneo lake maradufu kwa nguvu ile ile, unafaidika wakati wa kurusha na wakati wa kupokea, mwangwi unakuja mara nne. Sikuichagua kwa bahati.

FundiMnara

Mwalimu nimekuelewa, na dogo asinisikilize mimi peke yangu. Ila sisi wenye diploma tunaopenda mambo haya tunaingilia wapi?

Mwl. Mawimbi

Mnaingia kwa shahada ya kwanza kama wengine, diploma nzuri ya uhandisi inakubalika, ulizia vigezo vya mwaka husika. Wakati unasubiri, tafuta NanoVNA, kale kapimio ka antena ka kushika mkononi, na openEMS, programu ya kukokotoa antena, hiyo ni bure. Chonga antena, pima, andika tarehe na aina ya bodi. Halafu niandikie ujumbe wa faragha humu. Nahitaji mtu wa minarani anayejua konekta za Kigamboni zinaharibika baada ya muda gani, maana vipimo vya mvua vya pwani haviaminiki kama konekta imeingia chumvi.