Hivi kwenda kazini na baiskeli ni msiba hadi mtu apitishiwe kofia?

PedaliMbili (mleta uzi)

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, mkikuta herufi zimerukana mnivumilie.

Yule bwana leo amevuka mipaka. Simtaji, mnamjua. Ni yule ambaye gari lake pua ikishaingia getini, mkia bado uko nyumbani kwake unafungiwa mlango. Anaegesha juu ya mstari makusudi ili ale nafasi mbili. Akiingia chumbani anaweka funguo mezani kwanza, salamu baadaye.

Leo kwenye kikao, watu wote tupo, na wageni kutoka nje wapo, amesimama. Akavua kofia. Akasema, "Jamani, mwenzetu ana shida. Ametuficha muda mrefu, lakini tunaona wenyewe anavyokuja asubuhi. Tumchangie apate hata gari la mtumba." Halafu akaipitisha ile kofia.

Wakuu, kofia ikapita! Mkono kwa mkono! Nilidhani watacheka tu waiachie njiani. Wapi. Watu wakatia hela! Nimeziona noti kwa macho yangu. Kuna mgeni hata jina langu halijui, alinitazama kwa huruma kama vile nimefiwa, na yeye akaingiza mkono mfukoni. Ikazunguka meza nzima ikaja kutua mbele yangu. Ukumbi kimya. Yeye anatabasamu.

Sina shida mimi. Leseni ninayo, kuendesha gari najua. Nimeamua kuishi bila gari kwa akili zangu timamu. Mtu akiamua kunyoa kipara mnampitishia kofia anunuliwe nywele?

Na mjue kilichoniuma zaidi. Kikao kilichelewa kuanza kwa sababu ya nani? Kwa sababu yeye alikuwa kwenye foleni! Kila siku yuko kwenye foleni, anapiga simu, "nipo hapo karibu, anzeni salamu." Mimi nilishafika, nimenawa uso, nimebadili shati, nimepanga na viti. Halafu anaingia yeye, amechelewa, jasho linamtoka ndani ya kiyoyozi, na mwenye shida ninakuwa mimi. Kofia inakuja kwangu!

Pale getini kuna daftari lenye safu ya "namba ya gari". Mlinzi ananifahamu kwa jina, watoto wangu anawajulia hali, lakini kila asubuhi ananiandika kwenye kurasa za wageni kwa sababu safu ile haiwezi kubaki wazi. Baiskeli naifunga kwenye bomba la maji nyuma ya mapipa ya taka. Nafasi inayomezwa na gari moja zingeingia baiskeli kumi bila kugusana, lakini nikiomba hata nguzo moja ya kufungia naambiwa bajeti hakuna. Bajeti hakuna, ila michango ya kofia ipo!

Na lile tairi la upepo analotambia, John Boyd Dunlop alilitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1880 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Ya mtoto! Hata barabara nzuri, kule Marekani na Uingereza waliozipigia kelele mapema, karne ya 19, ni waendesha baiskeli, gari lenyewe wengi walikuwa hawajaliona. Leo anayekalia vyote hivyo ndiye anayenichangia mimi.

Kofia, wakuu. Mbele za wageni.

---

MzeeWaFoleni

Swali moja tu kabla sijachangia uzi. Kofia ilipata kiasi gani?

---

PedaliMbili

Yaani katika yote hayo umeona hilo? Sijahesabu. Niliiacha palepale mezani nikatoka.

---

BilaBreki

Umeacha hela mezani? Basi bwana yule kasema kweli, shida unayo, ila siyo ya gari 😂😂

---

KitiChaDirishani

Pole sana mkuu. Huyo bwana yupo na kwetu, ila wa kwetu ni mwanamke. Akiniona nashuka kwenye basi anapunguza mwendo, anateremsha kioo, anauliza "bado tu?" Bado nini, dada? Siumwi, sijafungwa, sisubiri matokeo yoyote. Nimeshuka kwenye basi. Nashuka kwenye basi kila siku na nitashuka kesho.

---

MpendaRamani

Mleta uzi usiumie, mko wachache karibu dunia nzima. Marekani, katika kila wafanyakazi 100 hafiki hata mmoja kamili anayekwenda kazini na baiskeli, na hiyo ni nchi ambayo karibu nusu ya safari zake zote hazizidi kilomita 5. Kaya zisizo na gari hazifiki 10 katika kila 100. Uingereza, safari za baiskeli ni kama 2 katika kila 100. Nenda sasa Uholanzi. Zaidi ya robo ya safari zote ni baiskeli, na baiskeli zimewazidi watu idadi. Kituo cha treni cha Utrecht kina maegesho ya baiskeli 12,500. Mark Rutte alikuwa waziri mkuu na baiskeli yake, na mwaka 2024 alipokabidhi ofisi aliondoka juu ya baiskeli. Hakuna aliyemchangia.

---

MzeeWaFoleni

Nilikuwa nahesabu dakika. Uzi wowote wa baiskeli haumalizi posti kumi kabla Uholanzi haijaletwa. Uholanzi ni tambarare mkuu! Ungeimwagia maji yangekaa palepale. Njoo upande kilima cha kwetu na laptopu mgongoni tuone kama utafika unaongea.

---

MpendaRamani

Utambarare haukuanza juzi, upo tangu zamani, na bado baada ya vita kuu ya pili walikimbilia magari sawasawa na wengine. Mwaka 1971 peke yake ajali za barabarani ziliua zaidi ya watoto 400 katika nchi ile ndogo. Wazazi wakaingia barabarani kuandamana. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, watu wakaona barabara zikiwa tupu wakapenda. Njia za baiskeli zilidaiwa, hazikuota. Na kama unataka milima, Bogotá ya Kolombia ipo zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na tangu miaka ya 1970 wanafunga barabara Jumapili ili watu wapite na baiskeli na miguu. Siku hizi ni zaidi ya kilomita 100.

---

BilaBreki

Jumapili sawa. Mwenzetu kapitishiwa kofia siku ya kazi.

---

PedaliMbili

Tena asubuhi! Hata mchana hatujafika!

---

MguuNjia

Samahani naingilia. Mnavyolia hapa utadhani nyie ni malaika. Sisi tunaotembea kwa miguu nani anatusemea? Nyie watu wa baiskeli mmetugeuzia njia ya miguu kuwa uwanja wa mashindano. Mtu unatembea zako, unasikia kengele ndani ya sikio, si nyuma ya sikio, ndani. Ukiruka kulia naye kaja kulia. Halafu anakwambia "angalia!" Niangalie na jicho lipi, la kisogoni?

---

PedaliMbili

Mkuu MguuNjia, mimi siendeshi njia ya miguu, lakini wanaopanda huko nawaelewa. Barabarani lori linakupita nafasi ya kiganja kimoja, kioo chake kinakupapasa bega. Tumegawiwa wote kipande kimoja chembamba cha pembeni, halafu tunagombana wenyewe kwa wenyewe. Aliyetugawia kipande hicho yupo kwenye kiyoyozi anapitisha kofia.

---

MguuNjia

Kofia achana nayo. Mimi nasema kengele.

---

MamaMapacha

Ngojeni niwaambie habari za kuishi bila gari ukiwa na watoto wawili, maana nyie mnaongelea kofia moja, mimi napitishiwa kofia kila wiki. Fomu ya shule ina mahali pa kuandika namba ya gari linalomchukua mtoto. Nikaandika "miguu". Nikaitwa ofisini. Mwalimu kanikalisha, kanipa maji, ananiuliza kwa sauti ya chini kama kuna jambo nyumbani. Hakuna jambo! Shule ipo karibu, tunatembea!

Lakini wabaya kuliko wote ni watoa lifti. Siyo lifti yenyewe, lifti ni jambo jema. Nasema wale wa lifti inayotangazwa. Umepanda mara moja, kulikuwa na mvua, umeshukuru mara tatu. Miezi inapita, mko kwenye sherehe, anasema mbele za watu, "huyu huwa namsaidiasaidia usafiri." HUWA! Mara moja, na mvua yenyewe ilikatika tukiwa njiani!

---

KitiChaDirishani

"Namsaidiasaidia" nimecheka hadi nimeshikilia mlango 😂 Dada umeniua.

---

DerevaMstaarabu

Na sisi wenye magari tuseme au huu uzi una wenyewe? Mnatuona tumekaa mnadhani raha. Bima yako, mafuta yako, gereji yako, fundi kagusa kimoja kaharibu vitatu. Na ukishanunua gari ujue umeajiriwa na ukoo. Mgonjwa akizidiwa usiku unapigiwa wewe. Mtu anahama, wewe. Harusi, wewe, tena uoshe gari kwanza. Mshahara hakuna. Mleta uzi huna gari, simu yako saa nane usiku inalia nani anahama? Hailii. Shukuru.

Halafu baiskeli zenu wekeni taa. Usiku mnatokea gizani mmevaa nyeusi juu mpaka chini, namna hiyo hata Mungu anawaona kwa kubahatisha.

---

PedaliMbili

Taa ninazo, mbele na nyuma. Mkuu, umekiri mwenyewe kwamba gari ni mateso, basi niambie, kwa nini mimi niliyeyaepuka ndiye nichangiwe? Hicho ndicho nataka mtu mmoja anijibu. Alipoishusha ile kofia mbele yangu alisema "usione aibu." Nilisahau kuliandika hilo mwanzo. "Usione aibu"! Yaani hata aibu aliipanga kwa niaba yangu!

---

DerevaMstaarabu

Hapo kakosea, kusema kweli. Ila mada ya lifti imeniamsha kidonda. Kuna mtu namchukua kila asubuhi, anabamiza mlango wa gari utadhani anafunga geti la gereza. Nimemwambia taratibu, akacheka, akabamiza.

---

BilaBreki

Wabamizaji mlango wana mahali pao motoni na mlango wa huko hauwezi kubamizwa.

---

MzeeWaFoleni

Wa kwangu haubamizi. Anakaa, anasogeza kiti nyuma mpaka mwisho, anavua viatu. Anavua viatu, jamani. Kisha anazima kiyoyozi anasema kinampa mafua.

---

MamaMapacha

Hapo kwenye kiyoyozi namuunga mkono. Mnatugandisha.

---

PedaliMbili

Wakuu, turudi kwenye mada.

---

KitiChaDirishani

MamaMapacha umegusa penyewe! Ofisini kwetu kuna mtu anaweka 16. Nje jua la kupasua mawe, ndani watu tumevaa masweta, vidole havibonyezi herufi. Ukipandisha ikafika 22, ukigeuka tu imerudi 16. Hajawahi kuonekana akibonyeza.

---

DerevaMstaarabu

22 ni tanuri. Anayetaka 22 akae nje na mlinzi.

---

MguuNjia

Na wewe ndiye yule! Nilijua tu kwa uandishi wako! Kwetu tulificha rimoti.

---

BilaBreki

Mliificha wapi? Tupeane mbinu.

---

MguuNjia

Nyuma ya mafaili ya mwaka juzi, hakuna anayegusa kule. Akaleta yake kutoka nyumbani.

---

MzeeWaFoleni

Kutoka nyumbani?? Kwani inaingiliana?

---

MguuNjia

Inaingiliana na vyumba vyote vitatu.